GPU ya Nje kwa Kompyuta Ndogo: Angalia Bomba Kabla ya Tenki

Bumu likishaingia, kuna maswali mawili huzunguka hosteli nzima. La kwanza ni nani anamdai nani. La pili linatoka kwa wale wanaosoma usanifu majengo, wale wa sayansi ya kompyuta, na siku hizi hata sisi wa kawaida tunaohariri video: "Hivi nikiichomekea hii mashine yangu GPU ya nje, itapiga kazi?"

Mashine yenyewe unaijua. Ni yale maboksi madogo ya mtumba yaliyofanya kazi ofisini Ulaya au Uarabuni, yakamaliza muda wake huko, yakaja Kariakoo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni magumu, hayali umeme, yanakaa kwenye kona ya meza ya geto bila kumsumbua mtu. Shida yake ni moja tu. Yalitengenezwa kwa ajili ya karani wa kuandika barua na kufungua Excel, sio kwa mtu anayetaka kurenda jengo la ghorofa nane pamoja na bustani yake na watu wanaotembea chini.

Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, sio injinia. Ila kwenye bloku yetu mimi ndiye mwenye bisibisi, kwa hiyo swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko maswali ya Fizikia yenyewe. Na kila nikiulizwa naona watu wameanzia mwisho. Wanauliza "ninunue kadi gani?" kabla hawajauliza data itapita wapi kuifikia hiyo kadi. Ni sawa na kununua simtanki la lita elfu tano halafu ukaliunganisha na bomba la nusu inchi, kisha ukashangaa kwa nini bafuni maji yanadondoka kama machozi. Tenki halina kosa.

Tuanze na GPU yenyewe, haraka haraka. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Picha ikibadilika mara 60 kwa sekunde, kuna nukta zaidi ya milioni 124 za kupakwa rangi kila sekunde. Prosesa ni kama mwalimu mmoja hodari sana: anaweza kufanya kila swali, ila anafanya machache kwa wakati mmoja. GPU ni kama darasa zima la watoto wanaojua kujumlisha na kuzidisha tu, lakini wapo mamia kwa maelfu na wote wanaandika kwa pamoja. Ukiwapa hesabu rahisi milioni, hao watoto wanammaliza mwalimu asubuhi na mapema.

Karibu maboksi yote haya ya ofisini yana GPU tayari, ndani ya prosesa. Ukiona Intel HD 530 au UHD 630, ndiyo hiyo. Haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya kompyuta, na inagombania njia ileile ya RAM na prosesa. Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani, kwa sababu muuzaji hapati faida kubwa akikuambia. Nitalirudia baadaye, ni muhimu kuliko kadi.

Nje maana yake nini

GPU ya nje sio kidude kama flashi. Ni kadi ileile ya kompyuta kubwa, ikiwekwa kwenye boksi lake la pembeni lenye pawa saplai yake, halafu waya mmoja unatoka hapo kwenda kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo unanunua vitu vitatu: kadi, boksi na pawa saplai, hata kama viwili vya mwisho vinauzwa pamoja. Na waya huo ndio bomba letu.

Waya unaojulikana zaidi ni wa Thunderbolt. Thunderbolt 3 ilitangazwa 2015, na kwenye boksi wanaandika gigabiti 40 kwa sekunde. Inasikika nyingi. Sasa fanya hesabu ya kidato cha kwanza: biti nane ni baiti moja, kwa hiyo 40 ni gigabaiti 5 tu. Na sio zote zinakwenda kwenye kadi, kwani sehemu ya bomba imetengwa kwa kazi nyingine. Kinachobaki kwa data ya kadi kwa kawaida ni kama gigabiti 22, yaani chini ya gigabaiti 3 kwa sekunde. Kadi hiyohiyo ikichomekwa ndani ya kompyuta, kwenye soketi ndefu ya PCIe 3.0 yenye njia 16, inapata karibu gigabaiti 16. Tofauti ni zaidi ya mara tano.

Haina maana kazi itakuwa polepole mara tano. Hapa ndipo mfano wa tenki unafaa kweli. Pale mtaani maji yanatoka usiku, bomba jembamba linajaza tenki taratibu, na mchana kutwa nyumba nzima inaoga bila kujua kwamba bomba ni jembamba. Kurenda picha kwenye Blender ni kazi ya namna hiyo. Jengo lako na rangi zake vinapakiwa kwenye kumbukumbu ya kadi, kisha kadi inakaa inakokotoa dakika kumi au saa mbili, na waya hauna kazi kubwa. Kadi ya nje hapo inapoteza kidogo tu.

Gemu ni kinyume chake. Kwa fremu 60 kwa sekunde kila fremu ina milisekunde 16 na ushee, na kila fremu prosesa inatuma maagizo mapya na mara nyingine data mpya. Hapo ni kama bloku nzima ya hosteli inaoga saa kumi na mbili asubuhi moja kwa moja kwenye bomba, bila tenki. Na kadi ikiwa na nguvu zaidi ndivyo inavyokaa ikisubiri zaidi. Ndiyo maana mtu anayeweka kadi ya gharama ya kutisha kwenye waya huu analipa pesa nyingi kwa ajili ya nguvu ambayo haitafika mezani.

Kutokana na hili kuna kanuni moja ninayoisimamia hata mtu akinibishia: kwa kadi ya nje, kumbukumbu ya kadi ni muhimu kuliko kasi yake. Kazi ikizidi kumbukumbu ya kadi, programu nyingine zinakataa kabisa na nyingine zinaanza kuchota kutoka RAM ya kompyuta kupitia lile bomba jembamba, na hapo utadhani mashine imeganda. RTX 3060 ya gigabaiti 12, iliyotoka 2021, ni chaguo la busara kwa mtu wa kurenda au wa kufundisha modeli kuliko kadi yenye kasi zaidi lakini gigabaiti 8. Inakula wati 170, kwa hiyo inataka pawa saplai ya kweli yenye waya wake wa kadi. Usiiulize kwenye boksi la ofisini.

Tundu la mviringo sio ushahidi

Hapa ndipo ndoto nyingi zinapoishia. Watu wanaona tundu la USB-C mbele ya boksi, lile dogo la mviringo kama la simu, wanasema "ninayo Thunderbolt". Hapana. Umbo la tundu ni moja, lakini kilicho nyuma yake kinatofautiana kama mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo na mlango wa stoo ya mafagio. USB-C ya kawaida, hata ile ya gigabiti 10, haipitishi njia ya PCIe ambayo kadi inaihitaji. Kuna adapta zinazotoa HDMI kutoka USB za kawaida, na kuna watu wanaziita "GPU ya nje". Zile zinakuongezea skrini tu. Haziongezi nguvu hata chembe.

Hata alama ya radi pembeni ya tundu isikuhadae. Radi inaweza kuwa ya Thunderbolt, na inaweza kuwa alama kwamba tundu hilo linachaji simu hata mashine ikiwa imezimwa. Njia ya uhakika ni kuchukua namba kamili ya modeli iliyo kwenye stika, uitafute kwenye karatasi ya sifa ya kampuni, halafu uingie BIOS uone kama kuna ukurasa wa Thunderbolt. USB4 nayo, iliyokuja 2019, inaweza kubeba kadi, lakini kwa kompyuta nyingi kubeba PCIe ni hiari ya mtengenezaji. Soma, usikisie.

Sasa tuangalie maboksi tuliyonayo kweli.

Yale madogo kabisa, saizi ya kitabu kinene, ambayo Dell wanaita Micro, HP wanaita Mini na Lenovo wanaita Tiny: mengi ya kizazi cha 6 hadi cha 9 yanayouzwa mtumba hayana Thunderbolt. Yanawashwa na adapta kama ya laptopu, mara nyingi wati 65, na prosesa yake mara nyingi ina herufi T mwishoni. Herufi hiyo ina maana. i5-6500 ya kawaida inaanzia gigahezi 3.2 kwa wati 65, lakini i5-6500T inaanzia 2.5 kwa wati 35. Ukiipa prosesa hiyo kadi kubwa, mwalimu anachelewa kuandika maswali ubaoni na darasa zima linakaa linapiga soga.

Intel NUC ni hadithi nyingine. Baadhi yake kuanzia 2016 zina Thunderbolt 3 kweli, kwa mfano NUC8i5BEH, na ukiipata hiyo kwa bei nzuri una msingi mzuri wa kadi ya nje. Mac mini ya 2018 yenye prosesa ya Intel nayo ina Thunderbolt 3, na macOS ilianza kuzikubali kadi za nje rasmi mwaka huohuo, ila ni za AMD. Mac mini za M1 kuja mbele, ambazo watu wanazisifia kila kona, macOS haizikubalii kadi ya nje ya picha kabisa. Tundu lipo, Thunderbolt ipo, lakini mlango umefungwa kwa ndani. Ukiwa na M1 funga ukurasa huu, nenda kale ubwabwa wako kwa amani.

Wapo wanaopita njia ya panya. Ndani ya kompyuta ndogo kuna soketi ya M.2 ya SSD, na soketi hiyo mara nyingi ni PCIe yenye njia nne. Kwa PCIe 3.0 hizo ni karibu gigabaiti 4 kwa sekunde, yaani bomba pana kuliko Thunderbolt 3. Unatoa SSD, unachomeka kibao chenye utepe au waya wa OCuLink, unautoa nje kupitia upenyo, na upande wa pili unaweka kadi na pawa saplai ya kompyuta kubwa. Inafanya kazi, na kwa pesa ni rahisi kuliko boksi lolote la Thunderbolt. Lakini ujue unachokikubali. Windows inabidi ihamie kwenye SSD ya SATA ya inchi 2.5, kama boksi lako lina nafasi yake. Kuna soketi za M.2 ambazo ni SATA tu, hizo hazifai. Kadi inakaa wazi mezani na vumbi na kikombe cha chai. Unawasha pawa saplai ya kadi kwanza ndipo kompyuta, na huruhusiwi kuchomoa mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika katikati ya kurenda, vyote viwili vinazima kwa mpigo. Kwenye chumba cha watu wanne chenye ekstensheni moja, mimi mpangilio huo siupendi. Aliye peke yake geto na anajua anachofanya, sawa.

Kabla hatujafika huko, pima boksi lako

Kuna boksi la tatu, na hili ndilo naona wengi wanalo bila kujua bahati yao. Ni lile jembamba linalolala au kusimama, kubwa kuliko Micro lakini dogo kuliko mnara, ambalo wauzaji wanaliita SFF. Lifungue. Ndani kuna soketi ndefu ya PCIe. Una mlango mpana wa gigabaiti 16 ndani ya nyumba, halafu unatafuta waya wa gigabaiti 3 wa kupitisha dirishani! Rafiki yangu mmoja anayesoma usanifu majengo alikuwa ameshaagizia boksi la nje kichwani, anahesabu miezi, kumbe mashine yake ni SFF. Tuliifungua kwa dakika mbili, akacheka, akaanza kuhesabu upya.

Hapo masharti ni mengine, ni matatu. Kadi lazima iwe fupi kwa kimo, ile ambayo kibati chake cha nyuma ni nusu. Lazima ijitosheleze kwa umeme wa soketi, ambao mwisho wake ni wati 75, kwa sababu pawa saplai za maboksi haya zinacheza kwenye wati 180 hadi 260 na kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kadi. Na kwenye baadhi ya maboksi soketi imebanana na pawa saplai, kwa hiyo kadi nene inayochukua nafasi mbili haiingii. Pima kwa rula, piga picha, nenda nayo dukani.

Zinazopita masharti hayo sio nyingi. Za ofisini za Nvidia, Quadro P620, T600 na T1000, ni nyembamba, fupi, na zinakula kati ya wati 40 na 50. Mimi kwa mwanafunzi wa AutoCAD na SketchUp ningeanzia hapo, maana hazina mbwembwe na hazichemshi boksi. Uulize tu habari ya matundu, kwa sababu yake ni DisplayPort ndogo, utahitaji adapta ya kwenda HDMI. GTX 1650 fupi ni nzuri zaidi kwa gemu, ila nyingi ni nene. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwanzoni mwa 2024, inakula wati 70 na zipo fupi zake, lakini hizo nazo huwa nene na bei yake bado ni ya dukani.

RX 6400 ya AMD itakuvutia, kwa sababu ni nyembamba, ina wati 53, na ni ya 2022. Iangalie mara mbili. Ina njia nne tu za PCIe, kwa hiyo ukiiweka kwenye boksi la zamani lenye PCIe 3.0 unajitengenezea bomba jembamba ndani ya nyumba yako mwenyewe. Tena haina sehemu ya kusimba video, ambayo mtu wa kuhariri anaihitaji. Na GT 1030 ipo ya aina mbili kwa jina moja. Ile ya 2017 yenye GDDR5 inasukuma gigabaiti 48 kwa sekunde kwenye kumbukumbu yake, lakini ile iliyokuja baadaye yenye DDR4 inasukuma chini ya 17. Jina ni lilelile, boksi ni lilelile, na muuzaji naye anaweza asijue.

Namba hiyo 17 ishike, kwa sababu sasa narudi kwenye lile la RAM.

GPU ya ndani ya prosesa inakopa RAM. Maboksi mengi ya mtumba yanauzwa na kijiti kimoja cha RAM cha gigabaiti 8. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 2400 kinapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde, na hizo zinagawanywa kati ya prosesa na GPU. Ukiweka cha pili kinachofanana, njia zinakuwa mbili: 38.4. Hujagusa kadi, hujanunua boksi, na bomba limekuwa pana mara mbili. GPU ya ndani inapumua, na RAM imefika 16. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory, na chini yake utaona soketi ngapi zimetumika. Ukiona moja kati ya mbili, pesa yako ya kwanza iende hapo. Kwenye Micro, Mini na Tiny za DDR4 kijiti ni kile kifupi cha laptopu. Kwenye SFF ni kirefu. Mashine za zamani kama OptiPlex 7010 zinatumia DDR3, hazichangamani.

Sisemi kijiti cha RAM kitakupa Lumion. Hakitakupa. Nasema kwamba wengi wanaolalamika kuwa video inakatakata wanateseka kwa sababu ya kijiti kimoja na diski ya kuzunguka, sio kwa kukosa GPU. Kwa wahariri kuna la ziada: prosesa za Intel zina kipande chake cha kufungua na kufunga video, kinaitwa Quick Sync, kipo tangu 2011, na kuanzia kizazi cha 7 kinafungua hata zile video za HEVC za biti 10 ambazo simu mpya zinarekodi. Mwenye kizazi cha 7 au cha 8 anayehariri vipindi vya dakika tano vya mazoezi ya kufundisha, kama sisi tunavyofanya, akitengeneza nakala nyepesi za kuhaririwa kisha akatoa ile kamili mwishoni, kwa kweli hana haja ya kadi.

Wanaojifunza kufundisha modeli nao wasikimbilie dukani. Google Colab inatoa GPU ya T4 yenye gigabaiti 16 bila malipo. Kuna ukomo wa muda na sio kila saa utaipata, lakini kwa kazi za darasani inatosha, na pesa yote inakwenda kwenye bando. Ukija kununua, kumbuka kuwa programu nyingi za fani hiyo zimezoea CUDA, ambayo ni ya Nvidia peke yake.

Anayebaki ni nani? Ni mtu wa usanifu majengo au wa uhuishaji mwenye mashine yenye Thunderbolt ya kweli na isiyo na soketi ndani, anayerenda kila wiki, na anayepanga kuhama na kadi hiyo kwenda kwenye kompyuta kubwa akimaliza chuo. Kwake GPU ya nje ina mantiki, kwa sababu kadi haifi na boksi. Lakini apige hesabu yote. Razer Core X, moja ya maboksi ya nje yanayojulikana zaidi, lilitoka 2018 kwa dola 299, bila kadi ndani. Kwa dola moja shilingi 2,500 hiyo ni kama laki saba na nusu kabla ya usafiri na kodi. Kwa bumu la shilingi 10,000 kwa siku, ni siku 75 za kutokula, na bado hujagusa kadi. Kwa pesa ya boksi tupu pamoja na kadi, mnara wa mtumba wenye pawa saplai ya kawaida na soketi yake ya PCIe unaweza ukawa jirani tu. Ni mkubwa, ndio, na hauendi nyumbani likizo kwenye basi. Ila unafanya kazi.

Siku ya kununua

Kadi za mtumba zina mambo yake. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi za picha kuchimba sarafu, na kadi nyingi zilizokuwa zinakesha kwenye kazi hiyo zikamwagika sokoni. Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka miaka mchana na usiku. Zizungushe kwa kidole uone kama zinayumba, na angalia kama skrubu zimeguswa.

Baya zaidi ni kadi za bandia. Watu wanachukua kadi za zamani sana, wanabadilisha programu iliyo ndani yake ili Windows isome "GTX 1050 Ti", wanaibandika stika mpya. Jina kwenye Windows sio ushahidi. Njoo na flashi yenye GPU-Z, ni programu ndogo ya bure, na tangu 2018 inaziandika waziwazi kadi za aina hiyo kuwa ni feki. Dalili nyingine haihitaji hata umeme: GTX za familia ya 10 hazitoi picha ya VGA. Ukiletewa 1050 Ti yenye lile tundu la VGA la buluu, irudishe kaunta kwa upole na uage. Najua wengi monita zetu ni za VGA na tundu hilo linashawishi, lakini adapta ya HDMI kwenda VGA ni rahisi kuliko majuto.

Omba iwashwe mbele yako, sio picha ya mezani tu, iwekwe kazi nzito dakika kumi na tano mkiangalia joto. Muuzaji anayesema hana muda wa dakika kumi na tano amekuambia kitu tayari. Risiti iandikwe jina kamili la kadi, na ukubwa na aina ya kumbukumbu yake, sio "GPU 1".

Na ukishafika nyumbani, hamisha waya wa monita. Utoe kwenye boksi la kompyuta uuchomeke kwenye kadi yenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo kompyuta ya mezani inaizidi laptopu kwenye habari hii ya kadi za nje, kwani picha inatoka kwenye kadi moja kwa moja kwenda kwenye skrini bila kurudi tena kwenye lile bomba. Mara mbili mwaka huu nimeitwa chumbani kwa mtu usiku kuambiwa kadi mpya haifanyi kazi, nikakuta imekaa kimya kabisa, feni hazizunguki, na HDMI bado iko palepale ilipokuwa siku zote, nyuma ya mazabodi.